Fundi Anajibu: Mikanda ya Asili ya Magari ya Kale ya Kiingereza

Barua nne kati ya zilizofika mwezi huu zinauliza jambo linalokaribiana: mikanda ya usalama ya magari madogo ya Kiingereza ya miaka ya 1960 na 1970, ambayo bado yamo mikononi mwa familia za Nakuru na magharibi mwa nchi. Nimezijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu nyingine zote zinaegemea hapo.

Fundi, salamu. Marehemu baba yangu alituachia MGB ya mwaka 1964, lile gari la wazi lisilo na paa la chuma, ambalo alilinunua Njoro kwa mkulima aliyekuwa akirejea kwao. Lilikaa chini ya turubai miaka mingi na sasa injini imeanza kuitika. Lina mikanda miwili isiyojivuta yenyewe. Wa kushoto una lebo iliyofifia yenye maandishi "B.S. 3254" na alama kama moyo, wa kulia hauna lebo na umepauka ukawa wa rangi ya majivu. Fundi mmoja ameniambia niitupe yote, mwingine amesema ataiosha na kuishona upya kwa siku moja. Nitajuaje kama ni ya asili, na je, inaweza kurudishiwa hali yake? Ningependa kulipeleka gari kwenye maonyesho Nairobi, lakini pia ningependa kumpeleka mama Kericho nalo.
*Msomaji, Milimani, Nakuru*

Ndugu yangu, pole kwa kuondokewa na mzee, na nashukuru kwamba hukumsikiliza yule wa kwanza wala hukumkabidhi kazi yule wa pili. Kwa sasa usiioshe mikanda hiyo na usifungue bolti hata moja, kwa maana ushahidi unaoutafuta umo katika uchafu na katika mpangilio wa vyuma vilivyo hapo.

Neno "asili" lina mtego katika gari la 1964. MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na katika miaka ya mwanzo mkanda ulikuwa nyongeza ambayo mnunuzi aliilipia kando. Sheria ya Uingereza iliyowalazimisha watengenezaji kuweka mikanda kwenye viti vya mbele ilikuja mwaka 1967, ikayagusa pia magari yaliyosajiliwa tangu 1965, na kuuvaa mkanda wenyewe hakukuwa lazima huko hadi tarehe 31 Januari 1983. Kwa hiyo siwezi kukutajia mkanda mmoja nikasema ndio uliotoka kiwandani na gari la mzee. Katika gari la umri huo, mimi huuita wa asili mkanda uliotengenezwa na kampuni ya wakati ule, wenye tarehe inayokaribiana na ya gari, uliofungwa mahali palipokusudiwa na kwa vyuma vyake. Britax, Irvin na Kangol ni majina ambayo nimekutana nayo. Irvin ilikuwa kampuni ya parachuti, na Kangol ni ile ile iliyopata jina kwa kofia, kwa hiyo usishangae ukisoma jina la kofia kwenye chuma cha mkanda.

Sasa tuitazame lebo yako. B.S. 3254 ni kiwango cha Uingereza cha mikanda ya magari, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1960. Kile unachokiona kama moyo naamini ni Kitemark, alama ya ubora ya Uingereza iliyoanza kutumika 1903, ambayo herufi zake zimeunganishwa zikafanya umbo la kishada cha kurusha angani. Lebo za namna hiyo mara nyingi huwa na jina la kampuni, aina ya mkanda na mwaka. Ili kuisoma, ingia gizani na tochi, uimulike kwa upande, mwanga ukiwa karibu kulala juu ya kitambaa. Maandishi ambayo wino wake umekwisha huonekana kwa alama iliyobaki kwenye nyuzi. Piga picha kadhaa kabla ya jambo lingine lolote. Kisha geuza bizimu, yaani chuma cha kufungia, uangalie chini yake na nyuma ya ulimi unaoingia ndani yake, kwa kuwa majina na nambari hugongwa huko pia, na chuma hakifutiki kwa jua.

Mkanda wa kulia usiukatie tamaa kwa kukosa lebo. Tafuta mahali ambapo lebo ingekuwa, kwa kuufuata mwenzake wa kushoto. Kama iliwahi kuwapo, utaona matundu madogo ya sindano yaliyopangika kwa umbo la mstatili, na ndani ya mstatili huo utepe, yaani kitambaa cha mkanda, utakuwa na rangi nzito kuliko pembeni, kwa sababu lebo iliukinga na jua. Hesabu mistari ya ufumaji inayokwenda kwa urefu wa utepe katika mikanda yote miwili. Linganisha pia mshono kwenye ncha: je, ni mistari iliyosambaa, ni sanduku lenye msalaba ndani, na uzi ni wa rangi gani? Mistari ikilingana kwa idadi na mshono ukiwa wa mkono mmoja, hao ni mapacha, na tofauti ya rangi ni ya jua tu. Visipolingana, basi wa dereva ulikwisha kubadilishwa, jambo la kawaida kwa sababu ndio uliotumika kila siku.

Baada ya hapo ndipo utumie spana. Bolti za mikanda ya magari haya ni za inchi 7/16, zenye thredi (mikato inayozunguka bolti) 20 kwa inchi, na kichwa chake huchukua spana ya 5/8. Kila unapofungua moja, ingiza vipande vyake kwenye waya kwa mpangilio ule ule ulivyovikuta: bolti, bamba la mkanda, washa iliyopinda kama wimbi, pete ya kuachanisha, na kadhalika. Vipande hivyo vidogo ndivyo vinavyoliruhusu bamba kuzunguka kidogo lifuate mwelekeo wa mwili, nami nimeona magari mengi ambayo washa hiyo ilitupwa, bamba likakazwa hadi likaganda, na utepe ukawa unajikunja upande mmoja kila unapovaliwa.

Swali lako zito ni la kurudishiwa hali. Vyuma, ndiyo, karibu kila mara. Utepe, hapana. Nasema hivyo nikijua utasikitika, kwa sababu utepe ule ndio mzee alioushika kwa mkono wake. Lakini utepe wa wakati huo ulifumwa kwa nailoni au kwa poliesta, na vyote viwili hudhoofishwa na mionzi ya jua, nailoni ikitangulia. Sisi hapa Nakuru tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, chini kidogo tu ya ikweta, na gari lako ni la wazi. Kuna vumbi pia. Jina la mji wetu lenyewe husemekana limetokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi. Chembe zake huingia katikati ya nyuzi, na kila utepe unapopinda zinazikata kidogo kidogo kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kunjua sehemu iliyokuwa imefichwa ndani ya chuma cha kurekebishia urefu, uilinganishe na ile inayopita begani. Tofauti ya rangi utakayoiona inakupa kipimo cha jua lililoingia. Ukiukunja utepe wa begani kati ya vidole na kuona vinywele vifupi vinasimama, au vumbi jeupe linabaki kwenye ngozi, huo umekwisha.

Kuhusu kushona upya kwa siku moja, nitakueleza nilichokiona. Mteja aliniletea mkanda wa Triumph uliokuwa umeshonwa katika warsha moja kwa cherehani ya viti na uzi wa viti. Kwa macho ulipendeza sana. Tukaufunga kwenye boriti ya karakana, ncha ya chini tukaishikisha injini kuukuu, kisha tukavuta chenbloki, ule mnyororo wa kuinulia mizigo, taratibu. Mshono ulianza kulia kama shuka linalochanwa, halafu uzi ukafunguka wote kwa mfululizo, na injini haikuwa imeinuka hata kiganja kimoja kutoka sakafuni. Mteja alinyamaza, akaketi juu ya tairi. Injini ile ilikuwa mzigo mdogo. Gari likisimamishwa kwa kugonga kitu, kutoka kilomita 50 kwa saa ndani ya nusu mita, mwili wa kilo 70 huuvuta mkanda kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Fundi wa viti anaijua kazi yake vizuri na simdharau, ila kazi yake ni viti. Mshono wa mkanda una uzi wake, idadi yake ya mishono na mashine yake, na baada ya kushonwa hupimwa kwa kuvutwa.

Ushauri wangu ni huu. Ziko warsha Uingereza zinazopokea vyuma vya zamani, zikavishonea utepe mpya unaofanana na ule wa kale kwa ufumaji na rangi, kisha zikavirudisha kwa mwenyewe. Watumie mabizimu, ndimi na mabamba, pamoja na picha, urefu wa kila kipande na mchoro wa mshono. Waombe wakurudishie utepe wa zamani na lebo yake. Uweke kwenye mfuko wa kitambaa mahali penye giza na pakavu, na siku ya maonyesho uutandaze kando ya gari pamoja na picha ulizopiga. Barabarani utavaa mpya. Barabara ya kwenda Kericho inapitia Salgaa na Sachangwan, na hakuna dereva wa Nakuru asiyejua yaliyowahi kutokea kwenye mteremko ule.

Usisahau bati ambalo bolti zinaingia, kwani mkanda mpya kwenye bati lililooza haushiki kitu. Katika gari lako tazama sehemu tatu: mgongo wa katikati unaofunika shafti, kando ya kizingiti cha mlango, na kwenye bati la ndani lililo juu ya gurudumu la nyuma. Kizingiti kina tabaka kadhaa za bati, moja ndani ya nyingine, na katika gari lisilo na paa ndicho kinachozuia bodi isijikunje katikati. Kwa nje kinaweza kung'aa rangi ilhali ndani ni unga. Inua zulia, uchokonoe kwa bisibisi kuizunguka nati. Bisibisi ikizama, kazi ya kuchomelea bati jipya itangulie mkanda. Na kwa kuwa kishikizo cha bega katika gari la wazi kiko chini ya usawa wa bega, mkanda ukivutwa unaugandamiza uti wa mgongo kuelekea chini. Mama akae wima, kiti kisilazwe nyuma.

Fundi, hujambo. Nina Triumph Spitfire ya mume wangu hapa Kisumu. Mikanda imeshika ukungu wenye madoadoa meusi, na kijana anayenisaidia nyumbani ameuloweka mmoja kwenye Jiki usiku kucha. Umetakata kabisa. Je, niuloweke na wa pili?
*Mama wa Kisumu*

Tafadhali usiuloweke, mama, na huo uliotakata usiufunge tena kwenye gari. Dawa ya kung'arisha nguo huishambulia nailoni yenyewe. Weupe unaoufurahia umepatikana kwa kuzila nyuzi. Usimlaumu kijana, kwani utepe unafanana na kitambaa kingine chochote cha nyumbani na hakuna mahali palipoandikwa onyo.

Ukungu kwa kawaida haulishwi na nailoni wala poliesta bali na jasho, vumbi na mafuta ya ngozi yaliyoganda juu yake, na hewa ya ziwani huufanya upesi kuliko kwetu huku juu. Hivyo kinachotakiwa ni kuondoa uchafu tu. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini ya kawaida, sugua kwa brashi laini kwa kufuata urefu wa utepe, suuza mara tatu au nne, kisha uutundike kivulini penye upepo hadi ukauke hata ndani ya mishono. Usiuanike juani wala usiupige pasi. Petroli, mafuta ya taa na rangi ya kutia nguo vikae mbali. Magadi nayo usiyatumie, kwa sababu poliesta huharibiwa na magadi makali, kama vile nailoni inavyoharibiwa na asidi. Kwa sababu hiyo hiyo, ikiwa betri iliwahi kumwagikia mkanda, hata tone, hesabu mkanda huo umekufa. Doa jeusi likibaki baada ya kuosha, liache; doa pekee halipunguzi nguvu. Lakini mkanda wa pili nao una umri, kwa hiyo baada ya kuutakasa uupime kwa vidole kama nilivyomweleza msomaji wa Milimani, na ukitaka kuendesha gari hilo badala ya kulitazama, tafuta jozi mpya.

Fundi, mimi ni kijana wa juakali Kakamega. Nimeletewa mabizimu ya mkanda wa gari la Kiingereza yaliyoota kutu, na mwenye gari anataka yang'ae. Nataka kuyaloweka kwenye asidi kisha niyapeleke yakapakwe kromu. Na bolti zilizopotea naweza kuweka za Toyota?
*Kijana wa juakali, Kakamega*

Kijana wangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuloweka. Chuma cha bizimu na cha bolti kimefanywa kigumu kwa makusudi, na chuma cha namna hiyo kikiingizwa kwenye asidi, au kwenye umeme wa kupakia kromu, haidrojeni hupenya ndani yake. Kwa nje hutaona lolote. Chuma kitabaki kizuri, kitabeba mzigo leo na kesho, halafu siku moja kitakatika ghafla kama kigae, bila kupinda kwanza. Wapaka madini wanaoijua kazi huingiza vyuma kama hivyo kwenye tanuri la nyuzijoto zipatazo 200 kwa saa kadhaa mara baada ya kupaka, ili haidrojeni itoke. Muulize mwenye kiwanda swali hilo waziwazi. Akikushangaa, chukua vyuma vyako uondoke.

Kwa kutu ya juu, sugua kwa pamba ya chuma iliyo laini na mafuta mepesi, futa, kisha paka nta. Palipobanduka kromu paache. Mwenye gari akisisitiza kung'aa, mwambie kwamba bizimu lenye madoa ya umri wake lina heshima yake, na lile ambalo kutu imelichimba mashimo hata likipakwa dhahabu halifai kuvaliwa. Ndani ya bizimu usitie grisi, kwa sababu hukusanya vumbi na ulimi ukakwama nusu njia. Puliza kwa hewa, ingiza ulimi mara hamsini, na kila mara uvute kwa nguvu baada ya kusikia mlio. Likiachia hata mara moja katika hizo hamsini, lisirudi kwenye gari.

Bolti umebahatika. Kipimo cha 7/16 chenye thredi 20 kilienea duniani kote kwa mikanda, na magari mengi ya Kijapani yanakitumia mpaka leo japo bolti zake nyingine zote ni za milimita. Chagua ya mkanda, si ya kitu kingine chenye unene unaofanana, uiingize kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kuigusa kwa spana. Isipoingia kwa vidole usiilazimishe, wala usipitishe tepu (kifaa cha kukatia thredi) ya milimita 12 kwenye nati iliyochomelewa na kiwanda. Bolti ya milimita 10 nayo itaingia ikichezacheza, na ukiikaza itakudanganya kwamba imeshika. Ila utepe wa Toyota iliyogongwa usiuchukue kamwe. Mkanda uliokwisha kumwokoa mtu umenyooka na haurudi ulivyokuwa. Utazame kwenye ulimi na pale unapopita begani, utaona mng'aro kama plastiki iliyoyeyuka, alama ya msuguano wa ajali.

Fundi, MGB GT yangu ina mikanda inayojivuta yenyewe. Mmoja haurudi ndani mpaka niusukume. Naweza kulifungua lile kopo la springi nilitie mafuta?
*Msomaji, Molo*

Usilifungue. Springi iliyo ndani imekazwa na ikiruka haiwezi kurudishwa na mtu asiye na kifaa chake, na upande wa pili wa kopo ndimo kilimo kifaa kinachokamata mkanda gari linaposimama ghafla, ambacho hakitaki mafuta. Mara nyingi shida ni uchafu tu. Vuta utepe wote nje, uushike kwa kibanio ili usirudi, uoshe kama nilivyomwambia mama wa Kisumu, na usafishe kitanzi unachopitia begani, ambacho huota utando wa jasho unaonata. Ukishakauka kabisa, uachie.

Ukibaki mzito, nunua mpya wenye herufi E ndani ya duara na nambari kando yake (11 ni ya Uingereza), alama ya kwamba umeidhinishwa kwa kanuni za kimataifa. Kabla ya kulipa soma maelezo ya pembe ya kufungia. Kifaa cha kukamata hutegemea mvutano wa dunia, kwa hiyo kopo lililokusudiwa kusimama wima, ukililaza kwenye bati lililoinama, ama litakataa kuachia utepe ama litakosa kukamata. Ukishaufunga, tafuta uwanja mtupu, endesha kwa kilomita 20 kwa saa, mkono mmoja ukiwa tayari mbele ya kifua, ukanyage breki kwa nguvu. Mkanda usipokukamata, simamisha gari hapo hapo na lirudi nyumbani kwa kuvutwa.